Mchezo umeisha, sasa anua matanga: mwongozo kamili wa muigizaji baada ya shoo ya mwisho

Jumamosi ya mwisho ya mchezo mmoja tulimaliza kama saa tatu usiku, watu wakasimama, makofi, wengine wanafuta machozi, na mimi nimeinama pale mbele na gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, ya bibi wa mwenzetu mmoja, nimeibana kiunoni na pini kubwa maana ilinizidi. Saa tano vijana walishaanza kung'oa misumari. Ukumbi ulikuwa na ibada asubuhi yake kwa hiyo hakuna kusubiri. Kuna mlango kwenye ile seti niliufanyia mazoezi wiki tatu nzima, namna ya kuufungua polepole bila kugeuka nyuma, na nikauona unapakiwa kwenye pikapu umelazwa chali, kitasa bado kinaning'inia. Nikapanda boda nikaenda nyumbani.

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na moja jioni, niko nyumbani Ntinda nakaanga vitunguu, mkono ukaacha mwiko ukaenda wenyewe kutafuta poda. Hapo ndo nilikaa chini nikalia, na sikuweza kumwambia mtu nalilia nini.

Nimeigiza hapa Kampala mwaka wa 12 sasa, Kiganda, Kiingereza, na Kiswahili cha nyumbani maana mi mtoto wa kambini, baba alikuwa mwanajeshi. Nimeona wenzangu wakipotea baada ya shoo, mmoja akanywa wiki mbili mfululizo, mwingine akavunja ndoa kwa kitu ambacho kingepita chenyewe. Kwa hiyo naandika yale ninayofanya na ninayowafundisha wadogo zangu kwenye kikundi, hatua kwa hatua, kuanzia kabla ya shoo ya mwisho mpaka siku ya arobaini.

Kwanza elewa kinachokuuma

Hapa kwetu tukizika tunajua la kufanya. Watu wanakaa matanga, alafu kuna siku ya kuanua, Waislamu wana arobaini, Waganda wana okwabya olumbe ambapo msiba unafungwa rasmi na mrithi anasimamishwa mbele ya ukoo. Kila mtu anajua leo kilio kimefungwa, kesho tunarudi shamba. Mchezo wa kuigiza nao ni uhai kabisa, una watu wake, chakula chake, lugha yake, miezi miwili mitatu mnalala mnaamka nao, na siku ukifa tunagawana nauli basi. Hakuna anayeanua kitu.

Na vinavyoondoka siku hiyo ni vingi kwa pamoja. Mwili ulizoea kila jioni kupandishwa juu, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, macho yanakuwa makali, alafu ghafla jioni zinakuja kavu. Wale watu uliokuwa unawaona kuliko hata mama yako hawapo. Mhusika uliyembeba bado amekaa kwenye mabega yako. Na kazi yenyewe imeisha kwa hiyo hata hela imeisha. Ukichanganya vyote ukaviita "huzuni" utashindwa pa kushika, ndo maana hatua zangu nimezigawa, mwili peke yake, mhusika peke yake, watu peke yao.

Jambo moja tu kuhusu wazee wetu. Ukimwendea msanii mkubwa wa umri ukamwambia una huzuni mchezo umeisha, anaweza kukutazama tu kimya. Usimchukie. Kuna kizazi hapa Uganda kilichomwona Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa National Theatre, akichukuliwa na kuuawa mwaka 1977 enzi za Amin, muda si mrefu baada ya kurudi na kikundi chake kutoka tamasha la Lagos. Kwao kumaliza mchezo ukiwa hai ilikuwa neema. Uchungu wako wewe bado ni wa kweli, ila chagua wa kumwambia.

Hatua ya 1: anza wiki moja kabla ya shoo ya mwisho

Watu wengi wanangoja waanze kuumia ndo watafute dawa. Wiki ya mwisho, kabla hujachoka kabisa, fanya hivi.

Chukua kalenda ya simu, andika kitu kimoja kwa kila jioni ya siku saba zinazofuata shoo. Kimoja tu na kiwe kidogo, Jumapili kulala, Jumatatu kufua, Jumanne kwenda kwa dada yako Bweyogerere, Jumatano kumsaidia mtoto homuweki. Sisemi ujaze siku nzima, nasema jioni, kwa sababu jioni ndo saa ambayo mwili utakuja kudai steji yake. Kwa Waswahili maarusi wanakaa fungate siku saba baada ya harusi, basi wewe mpe mwili wako fungate yake ya kutulia.

Ya pili ni hela, na hapa naomba unisikilize. Alawensi ya mwisho ndo inayochelewa kuliko zote kwa sababu baada ya shoo kila mtu ametawanyika na hakuna wa kumkaba. Muombe prodyuza akuandikie kwa meseji, kabla ya wikiendi ya mwisho, unadai shilingi ngapi na zitaingia mobile money siku gani. Muulize kwa heshima tu, "mzee, naomba tukumbushane kwa maandishi." Mwaka fulani nilidai miezi minne na kila nikiona namba ya yule bwana nilikuwa nahisi mchezo wenyewe ulikuwa uongo, kumbe mchezo ulikuwa mzuri, hela ndo ilikuwa mbaya. Deni linatia sumu kwenye kumbukumbu.

Ya tatu, waambie wa nyumbani. Mwambie mume, mke, mama, yeyote unayekaa naye, "wiki ijayo nitakuwa kimya, sijakasirika na mtu, naomba mnivumilie." Maneno hayo machache yameniokoa magomvi mengi.

Hatua ya 2: usiku wenyewe

Usikimbie. Najua boda inangoja, najua kuna watu wanataka selfie, lakini kabla taa hazijazimwa rudi stejini peke yako dakika tano. Simama pale uliposimama kwenye sini yako ngumu. Gusa kitu, ukuta wa seti, kiti, chochote. Sema asante kwa sauti, kwa Mungu, kwa ukumbi, kwa nani utajua wewe.

Kama seti inabomolewa usiku huohuo, baki usaidie kubomoa. Hii naisisitiza kwa sababu nimejaribu yote mawili, kuondoka na kubaki. Ukiondoka, akilini mwako ile nyumba ya mchezo inabaki imesimama na mhusika wako anaendelea kukaa humo. Ukibaki ukashika nyundo, ukang'oa hata misumari kumi, mikono yako inajua kwamba imekwisha. Kuzika ni kutia udongo kwa mkono wako, si ndiyo? Mwaka ule wa mlango nilisimama pembeni nikitazama, na ndo mwaka nilioteseka zaidi.

Chukua kitu kimoja kidogo kama halali yako, tiketi, kipande cha kitambaa, skripti yako yenye michoro ya kalamu. Kimoja. Usichukue nguo za mhusika ukaziweka kabatini kwako, ntaeleza kwa nini.

Kunywa pombe nyingi usiku huo, mi nakushauri usinywe. Adrenalini ikishuka na pombe inashuka, unajikuta Jumapili saa sita mchana uko chini ya shimo refu kama watu wawili. Kula. Tafuta rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, ya moto ya mayai mawili pale barabarani, maji mengi, ulale.

Hatua ya 3: mvue mhusika

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kwenye uzito, na ndo mahali tunafundishwa nusu tu. Tunafundishwa kuingia, namna ya kutafuta mwendo wa mhusika, sauti, kumbukumbu zake, hata kukopa machungu yetu wenyewe tumpe yeye. Kutoka hatufundishwi. Wanaofanya tiba kwa kutumia maigizo wao wana desturi ya kumtoa mtu kwenye uhusika kila mwisho wa kikao, tena hawaruki, kwa sababu wanajua mtu akitoka mlangoni na uhusika wa mwingine ataenda nao nyumbani.

Mimi nilicheza mama aliyezika mtoto. Nimuite Mama Kato. Alikuwa anatembea ameinama upande wa kushoto kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Siku tisa baada ya shoo nilienda kununua makaa, mama anayeniuzia akaniuliza, "nnyabo, mgongo unakuuma?" Nikasema hapana. Akasema, "mbona unatembea kama mzee?" Banange, nilishtuka. Nilikuwa bado nimeibeba ile ndoo.

Basi fanya hivi, na ufanye kweli, usisome tu.

Simama chumbani mlango umefungwa. Tembea kwa mwendo wa mhusika kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Geuka, tingisha mikono na mabega kama kuku anayetoka kwenye mvua, alafu rudi kwa mwendo wako mwenyewe. Mara kumi. Mara ya kwanza na ya pili utaona hujui hata mwendo wako ni upi, endelea tu, ukifika ya saba mwili unakumbuka.

Kisha kaa, vua vitu vyake kimoja kimoja, au kama nguo hazipo zitaje. Kila kimoja kikabidhi kwa mwenyewe, "hiki kilemba ni cha Mama Kato. Hizi sandali ni za Mama Kato." Nawa uso kwa maji na sabuni hata kama hauna poda. Alafu sema jina lako kamili, la ukoo na la dini, sema unaishi wapi, leo umekula nini. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini sauti yako ikisikia jina lako kuna kitu kinarudi mahali pake.

Mwisho taja tofauti tatu kati yako na yeye, kwa sauti. Zangu zilikuwa hizi, Mama Kato alizika mtoto, mimi mwanangu yuko P4, darasa la nne, na ana kikohozi kidogo tu. Mama Kato hakuwa na dada, mimi ninao wawili. Mama Kato hakuwahi kumsamehe mumewe, mimi sina ugomvi na mtu. Nilipofika hiyo ya kwanza nilienda nikamwangalia mtoto amelala nikamfunika shuka. Kama mhusika wako ulimjenga kwa kidonda chako cha kweli, mzazi uliyemzika, mtu aliyekutenda vibaya, basi zoezi hili usilifanye peke yako, muite rafiki akae hapo, kwa sababu ukimvua mhusika kidonda kitabaki wazi na kinataka mtu wa kukifunga.

Nguo za mhusika zirudishe ndani ya wiki mbili, zimefuliwa na zimepigwa pasi. Zikikaa kwako na yeye anakaa.

Hatua ya 4: siku saba za mwili

Saa moja mpaka saa nne usiku ndo saa zako mbaya. Mwili utawaka kama taa na hauna pa kwenda. Wiki hiyo mpe kazi ya miguu saa hiyo, tembea na mtu, fagia uwanja, fua, ukiweza cheza mpira na watoto wa mtaa saa kumi na mbili jua linapoelekea kuzama. Ikifika saa nne punguza taa, weka simu mbali. Kulala utachelewa siku tatu nne za mwanzo, ni kawaida, ila kila siku amka saa ileile hata kama umelala vibaya, ndo inavyojipanga upya.

Sauti pia. Kama ulikuwa unapiga kelele kila shoo ipumzishe, maji ya uvuguvugu, usinong'one sana maana kunong'ona kunachosha koo.

Na usiamue jambo kubwa. Usiache kazi, usihame nyumba, usinyoe nywele zote ukiwa na hasira.

Hatua ya 5: watu, na hasa yule mmoja

Grupu la WhatsApp la mchezo litawaka siku tatu, picha, video, "nawamiss sana", alafu kimya. Kimya kile kinauma kuliko kitu, unaanza kuhesabu nani kasoma hajajibu. Usilipime pendo la watu kwa grupu. Watu wamerudi kwenye duka zao, kwenye darasa, mmoja yuko Mbale kwa wazazi. Chagua wawili ambao kweli ungewapigia saa nane ya usiku, wapigie kwa sauti siku ya nne au ya tano. Wawili wanatosha.

Sasa yule mliyecheza naye mapenzi. Nitasema wazi kwa sababu tunaona haya kulisema na linavunja nyumba za watu. Mmetazamana machoni kila usiku kwa miezi, amekushika mkono, amekuambia maneno ambayo mwenzako wa nyumbani hajakuambia tangu mwaka juzi, na mwili haujui kwamba maneno yale yaliandikwa na mtu mwingine. Mwili unaamini. Kwa hiyo baada ya shoo unaweza ukamtamani kwa ukweli kabisa. Kaa eda. Siku arobaini msikutane wawili peke yenu, meseji za salamu tu, na msiitane majina ya wahusika. Baada ya hapo kama mko huru wote na bado moyo unasema ni yeye, zungumzeni mchana, mahali pa watu, kwa majina yenu. Nimeona ndoa moja nzuri imetoka kwenye mchezo, na wale wawili walisubiri. Wale ambao hawakusubiri sitawataja.

Kwa wa nyumbani kuna kitu kimoja, usimlinganishe. Yeye hana taa, hana mwandishi, na mchana kutwa alikuwa anaangalia watoto wewe ukiwa mazoezini.

Hatua ya 6: sifa na lawama

Hii ni fupi. Soma walichoandika watu mara moja, piga picha yale mazuri mawili na lile moja baya lenye ukweli, weka faili, funga. Kurudia video ya makofi kila usiku ni kujikwangua kidonda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi waigizaji tukisifiwa sana tunaanza kutaka kuishi ndani ya ile sifa.

Hatua ya 7: ukiona haishuki

Huzuni ya baada ya shoo inakuja kama mawimbi, leo mbaya, kesho unacheka na jirani. Inapaswa kupungua. Kama zimepita wiki mbili na karibu kila siku hulali au unalala kutwa, chakula hakipiti, hakuna kinachokupa raha, unajiona huna thamani, hapo tena usiniulize mimi wala dairekta, nenda hospitali. Na kama fikra ya kufa imekuja, hata mara moja, mwambie mtu leo na akupeleke leo.

Najua Kampala ukitaja Butabika watu wanacheka au wanakuhama, jina limegeuzwa tusi. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina madaktari, watu wanaingia wanatoka wanaendelea na maisha. Ukiwa mbali, hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara na Gulu zina vitengo vya afya ya akili pia. Muigizaji akivunjika mguu stejini tunambeba wote mpaka wodini, basi na huyu tumbebe.

Hatua ya 8: siku ya arobaini

Machi 2020 kumbi zilifungwa kwa korona na burudani za usiku hazikurudi mpaka Januari 2022. Kuna michezo ilikatika katikati, watu walikuwa na shoo Ijumaa na Ijumaa haikuja. Nawajua wenzangu ambao mpaka leo wakikaa wanarudia laini za mchezo ule ambao haukupata usiku wa mwisho. Hapo ndo nilielewa, kinachomsumbua mtu ni tanga ambalo halikuanuliwa. Tangu hapo kila mchezo ninaoshiriki tunafanya arobaini.

Haina gharama. Mnapanga tarehe kabla hamjatawanyika, mtu mmoja anapewa kazi ya kukumbusha, mnakutana kwa mtu mwenye uwanja, chai, mandazi, ndizi, kila mmoja anachanga kidogo. Waiteni na watu wa taa, washona nguo, yule kijana wa geti, wote, maana na wao wana lao. Nguo na propu (vifaa vya stejini) zilizobaki zinarudi siku hiyo. Madeni yanasemwa mbele ya watu. Mkubwa anafungua kwa dua au sala. Alafu mnazunguka, kila mtu anasema laini moja ya mchezo anayoipenda, lakini isiwe yake, iwe ya mwenzake, na anamwambia huyo mwenzake kwa jina lake la kwao alichokuwa anakifanya vizuri kila usiku bila kujua kwamba kuna mtu anamtazama. Acheni watu walie. Mkimaliza, mkubwa aseme kwa sauti, "mchezo huu tumeufunga," mle, muondoke kabla ya giza.

Mara ya kwanza kuifanya, yule bibi mwenye gomesi alikuja mwenyewe, nguo nilishamrudishia zamani. Akanisogelea na kitambaa kidogo amekifunga fundo, akakifungua polepole, ndani mna ile pini kubwa ya kiunoni. "Niliikuta ndani ya mshono," akasema, "ni yako hii, mwanangu, Mama Kato hakuwa na pini."